Upepo wa Kusini Ulipovuma Kidogo

Ndugu zangu, Bwana Yesu asifiwe. Tufungue Matendo ya Mitume sura ya 27, mstari wa 9, na mtie kitu hapo, maana tutatoka na kurudi.

Merikebu inayompeleka mtume Paulo Rumi imetia nanga Bandari Nzuri, kisiwani Krete. Luka anasema siku ya kufunga imekwisha kupita, yaani Siku ya Upatanisho, ambayo huangukia Septemba au Oktoba. Mabaharia wa wakati ule walijua kuwa baada ya hapo bahari ile haichezewi. Paulo, naye ni mfungwa, anawaambia wazi kwamba safari hii ina hasara: ya shehena, ya merikebu na ya maisha yao. Akida Yulio, askari anayewasimamia wafungwa, anamsikia kwa masikio yake. Na Yulio si mtu katili. Mstari wa 3 unasema alimtendea Paulo kwa wema. Unaweza kumpenda mhubiri, ukamkaribisha chai, na onyo lake lisikuingie hata kidogo.

Kwa nini halikuingia? Nahodha na mwenye merikebu walisema vingine, na mwenye merikebu alikuwa na mali yake majini. Bandari yenyewe haikufaa kukaa wakati wa baridi. Halafu wengi wakashauri waondoke. Ujuzi, starehe, wingi wa watu: hakuna hata kimoja ambacho ni dhambi. Ndiyo maana onyo husukumwa kando na watu wenye heshima zao, kwa hoja nzuri kabisa.

Sasa someni mstari wa 13 polepole. Upepo wa kusini ukaanza kuvuma kidogo, wakadhani wamepata walichokusudia, wakang'oa nanga. Nawaombeni mkae na neno hilo "wakadhani". Upepo mwanana umepita, wao wameuhesabu kuwa jibu. Nasi tunafanya hivyohivyo. Mtu ameonywa juu ya uhusiano fulani, au biashara yenye hesabu mbili, au hasira anayoilea. Wiki mbili zinapita, hakuna aliyemgundua, mambo yanamnyookea, anasema, "Kumbe Mungu yupo upande wangu." Ndugu, upepo haukufuta kilichosemwa bandarini. Baada ya muda kidogo ikaja tufani Eurakilo, na siku ya tatu walikuwa wanatupa vyombo vya merikebu baharini kwa mikono yao wenyewe.

Dhamiri nayo ina namna yake ya kunyamaza. Paulo anamwandikia Timotheo, 1 Timotheo 4:2, juu ya watu waliochomwa moto dhamiri zao. Penye kovu la moto, ngozi hupoteza hisia. Haitokei siku moja. Mara ya kwanza unakosa usingizi. Mara ya pili unaomba, lakini ombi fupi, lisilotaja jambo lenyewe. Mara ya tatu una maelezo tayari. Ukijikuta unaruka sura fulani ya Biblia, au unaona simu ya ndugu fulani ikiita ukaiacha kwa sababu unajua atakachouliza, usingoje mara ya nne.

Yeremia 36 inatuonyesha hatua ya mwisho kabisa. Ni mwezi wa tisa, mfalme Yehoyakimu ameketi mbele ya moto. Kila kurasa tatu au nne zinaposomwa, anakata kwa kijembe, anatupa motoni, mpaka gombo lote limeteketea. Watu watatu walimsihi asifanye hivyo, akakataa. Naona jambo moja pale: alisikiliza hadi mwisho. Hakutoka nje, hakuziba masikio. Alikuwa anasikia huku anakata. Hata sisi tunaweza kukaa ibada nzima tukikata kipande kimoja kimoja: hiki ni cha jirani, hiki kilikuwa cha Agano la Kale, hiki mchungaji ananilenga mimi. Na Yeremia akamwandikisha Baruku gombo lingine, maneno yaleyale, na mengine mengi yakaongezwa.

Lakini si kila anayesema "nimeonyeshwa" ametumwa. 1 Wathesalonike 5:19-21 inaweka pamoja mambo ambayo watu hupenda kuyatenganisha: tusimzimishe Roho, tusitweze unabii, na tujaribu yote. Kwa hiyo pima hivi. Onyo la Mungu hutaja jambo. Nathani alimwambia Daudi, "Wewe ndiwe mtu huyo," na kosa likatajwa kwa jina lake. Mshitaki, yaani Shetani, humshitaki mtu kwa ujumla wake, "wewe hufai," bila kusema ufanye nini. Onyo la Mungu lina mlango wa toba. Likija na bei ya sadaka, au sharti la siri, au likikutenga na wazee wa kanisa, liache. Ndoto usiidharau, wala usiijengee nyumba. Yeremia 23:28 inauliza makapi ni nini mbele ya ngano. Na wingi usikutishe: mfalme Ahabu alikuwa na manabii wapatao 400 waliokubaliana, na Mikaya peke yake ndiye aliyesema kweli.

Tena onyo si agizo la kusimama kila mara. Nabii Agabo alijifunga miguu na mikono kwa mshipi wa Paulo, kuonyesha jinsi Paulo atakavyofungwa, na ndugu wakalia asiende Yerusalemu. Paulo akaenda, akijua kinachomngoja. Agabo huyohuyo alipotabiri njaa, Matendo 11, ndugu hawakubishana wala hawakukimbia. Kila mtu akatoa kadiri alivyoweza, wakapeleka msaada Yudea. Basi uliza: je, nimeambiwa niache, nijiandae, au nivumilie?

Ukionywa, andika siku hiyohiyo, maneno kama yalivyosemwa, kabla hujayalainisha. Usimjibu aliyekuonya papo hapo, isipokuwa kumshukuru. Jibu la haraka karibu siku zote ni utetezi. Soma andiko lililotajwa, sura nzima. Peleka kwa watu wawili au watatu waliokomaa, na usiwachague wale unaojua watakuunga mkono. Ila jambo likiwa la zinaa, hakuna kikao. 1 Wakorintho 6:18 inasema kimbia, na Yusufu aliacha vazi mikononi mwa yule mwanamke.

Turudi melini. Usiku wa kumi na nne mabaharia wanashusha mashua, wakijifanya wanaenda kutia nanga za mbele, kumbe wanatoroka. Mungu ameshamwahidi Paulo kwamba hakuna atakayepotea. Hata hivyo Paulo anamwambia akida na askari: hawa wasipokaa melini, ninyi hamwezi kuokoka. Ahadi haikuliondoa onyo. Mungu alilitumia onyo kuitimiza ahadi. Na safari hii hakuna aliyemwuliza nahodha. Askari wakakata kamba, mashua ikaanguka baharini.

Ile mashua, ndugu, ndiyo namba ya simu uliyoihifadhi kwa jina la fundi. Ndiyo akaunti ambayo mwenzi wako haijui. Kamba yake inakatwa usiku, dhoruba ikiwa bado inavuma. Kulipokaribia kupambazuka Paulo akawasihi wale chakula, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaumega mkate. Wakala, watu 276, wakatupa ngano iliyobaki baharini, na asubuhi wakafika nchi kavu, wengine wakiogelea, wengine juu ya mbao.