Kozi fupi Uingereza: angalia miezi kabla hujalipa ada

Haya, hapo nyuma sogeeni mbele kidogo tuanze. Wengi wenu mliojiandikisha mmeandika Uingereza kwa hiyo nitakaa hukohuko.

Kabla hujalipa hata senti ya ada, angalia kozi ni ya muda gani na ni ya nini. Kama haizidi miezi 6 unaenda na viza ya kawaida ya mgeni, ileile ya mtu anayeenda kumsalimia shangazi yake, ila chuo lazima kiwe kimeidhinishwa na uwe na barua yao kwamba wamekupokea. Kozi ya Kiingereza ya zaidi ya miezi 6 mpaka 11 ina viza yake, na hiyo ni ya Kiingereza tu, umepata uhasibu wa miezi 8 basi haikuhusu, tafuta ya mwanafunzi kamili. Na ukishavuka miezi 6 sisi Watanzania tunadaiwa cheti cha kipimo cha TB kutoka kliniki wanayoitambua wao, siyo hospitali yoyote tu, plasi tozo ya afya inayolipwa palepale unapoomba. Mtu kaona kozi ya miezi 7 imeshushwa bei akakimbilia, kumbe kajibebesha mzigo mwingine kabisa.

Sasa hela. Hapa naomba tukae maana ndipo wengi wanapokwama. Afisa wa viza hatafuti tajiri, anataka aone hela imetoka wapi na kama inaendana na maisha yako. Tuseme mshahara wako laki 9, kila mwisho wa mwezi akaunti inabaki na laki mbili tatu hivi, halafu siku nne kabla ya kuomba inaingia milioni 15 kwa mkupuo, jamani hata wewe si ungeuliza? Kama mmevunja kikoba leta barua ya kikoba inayoonyesha mgao wako. Kama baba mdogo ndiye anayekulipia, usimwambie akurushie zikae kwako, aandike barua, aambatanishe stetimenti yake mwenyewe na kitu cha kuonyesha undugu wenu.

Halafu kuna hili linaloniuma sana. Mtu ana kazi, ana duka, ana watoto, yaani kila sababu ya kurudi nyumbani, lakini leseni, barua ya serikali ya mtaa, cheti cha ndoa vyote viko kwa Kiswahili na kavipeleka hivyohivyo. Vitafsiriwe! Na mtafsiri athibitishe kwamba tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina kamili, saini na mawasiliano yake.

Ukiwa na viza ya mgeni au ile ya kozi ya Kiingereza, kufanya kazi kule hairuhusiwi, hata ya wikendi. Maombi ya viza ya mgeni yanafunguka miezi 3 kabla ya safari na majibu kwa kawaida ni wiki 3, ukinyimwa hakuna rufaa, unaomba upya na unalipa upya, ndiyo maana nasisitiza karatasi zinyooke mara ya kwanza.

Dada pale ameuliza kozi ya Kijerumani ya miezi miwili, Berlin. Hiyo ni viza ya Schengen, yaani ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, unakaa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180, wanataka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na maombi yaingie si chini ya siku 15 kabla ya safari. Kaka wa shati la bluu, karibu, uliza.