Mizani Haiji Witiri: Ramli, Karata na Hesabu

Karatasi zimewafikia wote? Kalamu mnazo? Basi kabla sijaanza, kila mtu apige mistari kumi na sita ya nukta, mstari chini ya mstari, haraka haraka, bila kuhesabu. Usipange chochote, uache mkono uende wenyewe. Ukimaliza, kunja karatasi uishike.

Wakati mnapiga, niwaeleze lililonipata hapo mlangoni. Binti mmoja, yuko humu ndani, amenionyesha simu yake. Kwenye kioo zimepangwa karata tatu. Akaniambia, "Mwalimu, shikamoo. Wewe kila mwaka unatuletea ramli, ramli. Sisi hatupigi ramli. Hii ni taroti, karata za kujisomea, mtu anajijua tu." Nikamwambia marahaba mwanangu, kaa mbele, leo nitaanza na zako.

Nani hapa anacheza karata? Msione haya. Haya, zitajeni zile rangi nne. Kopa. Shupaza. Pau. Uru. Maneno hayo tumeyapata kwa Wareno, na kwao yana maana zake: kopa ni vikombe, shupaza ni panga, pau ni magongo, uru ni dhahabu. Sasa binti, fungua simu yako. Karata zako zile ndogo 56 zina makundi mangapi? Manne. Yapi? Vikombe, panga, fimbo, sarafu. Ni zile zile! Na zile kubwa 22, za Mwezi na Mnara na Kifo, Waitalia wa karne ya 15 waliziita trionfi, na kwenye mchezo ndizo zilizokula nyingine zote. Kutoka neno hilo Wareno wakapata lao, nasi kwa Wareno tukapata letu: turufu. Kwa hiyo wazee wanaopiga karata barazani Tanga wametaja ukoo wa taroti miaka na miaka, na hakuna aliyewaambia kwamba wanasoma ghaibu. Walikuwa wanacheza, kama Waitalia walivyokuwa wanacheza.

Habari ya kwamba taroti imebeba siri za Misri ilikuja baadaye sana. Mwaka 1781, mjini Paris, Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba karata hizi ni mabaki ya kitabu cha hekima cha Wamisri wa kale. Maandishi ya Misri yalikuja kusomeka mwaka 1822, msomi wa Kifaransa, Champollion, alipopata ufunguo wake. Hesabuni wenyewe: miaka 41 kabla ya mtu yeyote kuweza kuisoma Misri, tayari Misri imeshasomwa! Na picha mnazoziona nyingi kwenye simu zinatokana na zile alizochora Pamela Colman Smith, zikatolewa London mwaka 1909.

Najua kuna mtu anasema moyoni, asili ya kitu haiamui ukweli wake. Kweli kabisa. Kitu kinaweza kuzaliwa mchezoni kikaja kuwa elimu. Hesabu za bahati nasibu zenyewe zilikua kwenye meza za kamari. Ndiyo maana sikai hapo. Twende kwenye ramli, maana ramli ina hesabu ya kweli ndani yake, na kama hujaijua hesabu hiyo huwezi kubishana na mpiga ramli. Atakushinda, na atakuwa na haki ya kukushinda.

Fungueni karatasi. Mstari wa kwanza, hesabu nukta zake. Zikiwa witiri, andika nukta moja pembeni. Zikiwa shufwa, andika mbili. Fanya hivyo mistari yote kumi na sita. Kila mistari minne ni umbo moja. Una maumbo manne, na hao ndio mama. Sasa wasome mama kwa ubavu: chukua mstari wa juu wa kila mama, ushushe kwa mpangilio, umepata binti wa kwanza. Mistari ya pili ya mama wote inampa binti wa pili. Hivyo hivyo mpaka wanne. Kisha jumlisha wawili wawili, mstari kwa mstari: ikitoka witiri nukta moja, ikitoka shufwa nukta mbili. Wanane wanazaa wajukuu wanne. Wajukuu wanazaa mashahidi wawili. Mashahidi wanazaa mmoja, ndiye mizani. Endeleeni polepole, nami naendelea.

Mimi nilifundishwa haya na mzee wa jirani yetu nikiwa na miaka kumi na moja, kwenye mchanga nyuma ya nyumba yake. Alikuwa mtu wa ibada na hakuwa akichukua fedha ya mtu. Neno lake nililolishika ni moja: "Mizani ikija witiri, futa mchanga, umekosea." Nikamuuliza kwa nini. Akasema ndivyo ilivyo. Nilikaa na swali hilo hadi nilipokuwa chuo cha ualimu, usiku mmoja nikalipata, na furaha ya usiku ule sijaipata tena katika hesabu yoyote.

Ni hivi. Mizani imewabeba mama wote wanne na mabinti wote wanne. Lakini mabinti ni wale wale mama, wamesomwa kwa ubavu. Kwa hiyo kila nukta uliyoiingiza imehesabiwa mara mbili. Na chochote ukikihesabu mara mbili, jumla yake ni shufwa, hata ungeanza na kitu gani. Basi! Ni mahesabu matupu, na ni mazuri mno. Aliyebuni mpango huu aliweka ndani yake kinga ya kugundua kosa, karne nyingi kabla kompyuta hazijafanya jambo la namna hiyo. Elimu hii ilitembea: Madagaska wanaifanya kwa mbegu na kuiita sikidy, Ulaya iliingia kwa Kilatini katika karne ya 12, na Wayoruba wana Ifa, alama 16 zinazozaa 256. Anayeniambia haya ni mambo ya washamba, na aje ubaoni anionyeshe yeye amebuni nini.

Lakini tazameni kinachofuata. Maumbo ya ramli ni 16. Yenye nukta shufwa ni manane tu. Kwa hiyo manane mengine hayawezi kukaa kwenye mizani, leo wala kesho. Moja katika hayo ni Humra, nyekundu, nukta saba, ambayo wapiga ramli wengi huisoma kuwa damu. Kumbe damu haiwezi kutokea kwenye mizani hata kijiji kizima kikichinjwa! Nusu ya majibu imefungiwa mlango kabla hujauliza swali. Sasa niambieni, mchanga unayajua mambo yako, au unaijua shufwa na witiri?

Mpiga ramli atasema: Mwalimu, mizani peke yake si jibu, kuna nyumba kumi na mbili. Naam, nazijua. Nazo zote zinatoka kwenye mistari ile ile kumi na sita. Ramli nzima ina michoro 65,536, haiongezeki hata mmoja, uulize mbuzi aliyepotea au uulize mchumba. Taroti ya karata tatu, bila kuzipindua, ina mipangilio 456,456. Zidisheni 78 kwa 77 kwa 76 mtaipata. Mipangilio ni mingi, lakini hakuna hata mmoja unaomjua jirani yako.

Na hapo kwenye jirani ndipo shughuli yangu ilipo. Walionisikia kabla watanisamehe, nitairudia.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu kijana mkoani Shinyanga, nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Mtoto wa nyumba ya pili aliugua surua akafariki. Wazazi wake, na uchungu wao, wakaenda kwa mpiga ramli wa kijiji kingine. Walirudi na maneno haya: ni mwanamke, mtu mzima, hayuko mbali, macho yake mekundu, mlango wake unatazama jua linapozama. Kufika jioni, watu wameshaanza kumtazama bibi yangu.

Asubuhi nikachukua daftari nikazunguka. Wanawake watu wazima katika vitongoji viwili: 23. Wenye macho mekundu: 19, kwa sababu wote walikuwa wakipikia kuni na mavi ya ng'ombe makavu ndani ya jiko lisilo na dirisha. Kati yao, wenye mlango wa machweo: sita. Ramli, hata ukiikubali yote, ilikuwa imetaja watu sita. Nani alichagua mmoja? Hakuwa mpiga ramli, wala hazikuwa nukta. Watu walimchagua yule asiye na mtoto wa kiume, mwenye shamba la bondeni ambalo shemeji zake walikuwa wakilitaka tangu mumewe afe.

Niliwaonyesha wakubwa wa kijiji daftari langu. Wakanisikiliza kwa adabu, kisha mmoja wao akaniambia, "Mwalimu, wewe ni mgeni." Usiku wa tatu nilimbebea bibi kifurushi chake hadi barabarani, saa kumi alfajiri, tukangoja basi. Akaniuliza, "Wewe unajua hesabu. Niambie, kwa nini mimi?" Sikuwa na jibu la kumpa mtu anayeacha nyumba yake gizani. Alifika kwa dadake, akaishi. Wako wengi ambao hawakulipata basi.

Kwa hiyo nasema, na nitasema mpaka sauti inikauke: elimu isiyokubali kushindwa isipewe kiti cha kumhukumu mtu.

Utaniambia hiyo ni ramli chonganishi, serikali imeshaikataza. Januari 2009 vibali vya waganga vilifutwa, Januari 2015 likatoka katazo jingine, mara zote mbili kwa ajili ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Sheria ni jambo jema. Lakini mpaka wa uchonganishi uko wapi? Binti, karata zako za leo zimesema nini? Ninasoma kama ulivyonionyesha: "Mtu wa karibu anakuonea wivu." Na ulipoisoma, ulimfikiria nani? Usitaje! Nakuomba usitaje. Lakini kuna mtu umeshamfikiria, na kesho utamwangalia kwa jicho jingine, naye hajafanya lolote.

Sentensi ile inamfaa kila mtu aliye humu. Mwaka 1948 Bertram Forer, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Wote walikuwa wamepewa maandishi yale yale, na mengi aliyatoa kwenye kitabu cha unajimu.

Sasa kuna shehe pale kulia ameinua mkono tangu mwanzo, na najua anachotaka, maana ipo hadithi katika Sahihi Muslim juu ya nabii aliyekuwa akipiga mistari. Shehe, kuifasiri hadithi ni kazi yenu, sitaiingilia. Nasema tu kwamba hakuna mpiga ramli aliyeniambia yeye ni nabii.

Na wewe kijana unayetabasamu, usidhani nimekuja kusema ya ghaibu yote ni upuuzi. Sikusema, wala sisemi. Srinivasa Ramanujan, karani wa Madras, alimwandikia Hardy, bingwa wa hesabu wa Cambridge, mwaka 1913, barua imejaa kanuni ambazo Hardy hajawahi kuona mfano wake. Ramanujan alisema mungu wa kike wa ukoo wao, Namagiri, ndiye humletea. Hardy hakuwa mtu wa dini hata kidogo. Alimcheka? Hakumcheka. Alisema, lete uthibitisho. Nyingi zikasimama, na watu wanazifanyia kazi hadi leo. Baadhi, hasa zile za namba tasa, zilikuwa na makosa, nazo zikawekwa kando. Njia ya kuingilia ilikuwa ndoto, ikapokelewa. Mlango wa kutokea ukawa na mlinzi. Mimi nauliza habari za mlinzi tu. Ndoto ota utakavyo.

Wazee wetu wa pwani walijua hivyo. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kilimia ni kundi la nyota, na hayo ni maneno ya mtu aliyeangalia anga mwaka baada ya mwaka, na ameyasema waziwazi kiasi kwamba msimu unaweza kumsuta. Mkulima akiona hayakuwa, atasema hayakuwa. Ni taroti gani iliwahi kusutwa?

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa nizungumzie Kepler, aliyewaandikia wakubwa nyota zao na huku akizipima sayari, na Tu Youyou wa China, aliyepata fununu ya dawa ya malaria kwenye kitabu cha miaka zaidi ya elfu moja, akaijaribu, ikashindwa, akaacha kuichemsha, ikafanya kazi, akapata Nobel mwaka 2015. Mwaka ujao, inshallah.

Karatasi juu! Walio na mizani shufwa, mikono. Vizuri. Witiri? Wawili. Mama, lete yako hapa mbele. Mizani yako ina nukta saba, hii ni Humra yenyewe. Usiogope, kaa hapa tukague pamoja. Mama wote wanne, sawa. Binti wa kwanza, sawa. Binti wa pili, mstari wa tatu: umeandika nukta moja. Mtazame mama wa tatu, mstari wa pili, uhesabu kwa sauti. Moja... na hii iliyojificha chini ya kidole chako.