Kipa wa Akiba: Mhadhara Kuhusu Nuno Espírito Santo

Walimu wenzangu, na nyinyi makipa mliojibanza kule nyuma kama kawaida yenu, asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Nilipoombwa nizungumzie makocha wa Kireno nilijua wengi wenu mnamsubiri Mourinho. Mourinho ameshasemwa mpaka basi. Mimi leo nimekuja na mtu aliyekaa kwenye benchi lake, akasugua benchi kwelikweli, na leo hakuna mpenzi wa Ligi Kuu ya Uingereza asiyemjua.

Naanzia Yokohama, Japani, Desemba 12, 2004. Porto, mabingwa wa Ulaya, wanacheza na Once Caldas ya Colombia, mabingwa wa Amerika Kusini. Lilikuwa Kombe la Mabara kwa utaratibu wake wa zamani, na ndiyo mara ya mwisho likachezwa hivyo. Mechi ngumu, hakuna bao. Inapoelekea ukingoni, Vítor Baía, kipa namba moja, anaonekana hayuko sawa: moyo unamwenda mbio. Anatolewa. Anaingia mtu aliyekaa kwenye baridi tangu mwanzo, Nuno Espírito Santo.

Wachezaji wa ndani mtanisamehe, hili haliwahusu sana. Kipa anayeingia katikati ya mechi hana pasi nyepesi ya kuanzia. Winga akiingia anakimbia mara mbili tatu, anapoteza mpira mmoja, anazoea. Kipa mguso wake wa kwanza unaweza kuwa bao. Vidole havijapata joto, macho hayajazoea kasi ya mpira, mabeki hawajasikia sauti yake jioni nzima. Halafu mechi inakwenda dakika za nyongeza, halafu penalti. Wakapiga mikwaju 9 kila upande. Porto walikosa mmoja, Once Caldas wakakosa miwili. Porto wakachukua kombe kwa 8-7, na aliyekuwa langoni ni kipa wa akiba.

Usiku ule ulikuwa wa nadra. Siku zake nyingi hazikufanana nao.

Alizaliwa Januari 25, 1974, São Tomé, kisiwa cha Ghuba ya Guinea kilichokuwa bado mikononi mwa Wareno. Miezi mitatu baadaye wanajeshi wakaipindua serikali kule Lisbon, na Julai 1975 São Tomé na Príncipe ikapata uhuru. Yeye akakulia Ureno. Jina lake la mwisho, kwa asiyejua Kireno, maana yake ni Roho Mtakatifu. Magazeti ya Ulaya yamelitania jina hilo mpaka limechuja, nami nitaishia hapo.

Alianza kung'ara Vitória ya Guimarães. Mwaka 1997 akauzwa Deportivo La Coruña ya Hispania, na aliyeusuka mpango ule alikuwa kijana mmoja mwenye klabu ya usiku, aliyekuwa bado hajawa wakala wa mtu yeyote. Jina lake Jorge Mendes. Huyo huyo aliyekuja kuwa wakala wa Cristiano Ronaldo na wa Mourinho. Mteja wake wa kwanza ni kipa huyu. Likumbukeni, nitalirudia.

Kufika Deportivo akamkuta Mkameruni Jacques Songo'o langoni, na Songo'o hakuwa mtu wa kumsogeza hivi hivi. Nuno akapelekwa kwa mkopo Mérida, kisha Osasuna. Mwaka 2000 Deportivo wakachukua ubingwa wa Hispania yeye akiwa kwa watu. Mwaka 2002 akarudi Ureno, akitumika kama sehemu ya bei ya beki Jorge Andrade. Yaani yeye ndiye aliyekuwa chenji.

Porto ya Mourinho mnaijua. Kombe la UEFA 2003 dhidi ya Celtic, Ligi ya Mabingwa 2004 dhidi ya Monaco. Fainali zote mbili Nuno yuko benchi, Baía yuko langoni. Bao lake moja linalokumbukwa alilifunga kwa penalti, kwenye mechi ya Kombe la Ureno waliyoifunga Varzim 7-0, Mourinho alipomruhusu kipa wake wa akiba avuke uwanja mzima akapige. Kocha mwingine angeona ni utani. Mimi naona Mourinho alijua kuna mtu mle kikosini anayefanya mazoezi kila siku kwa ajili ya mechi ambazo hatacheza, na mtu huyo lazima siku moja moja apewe chake.

Akaenda Dynamo Moscow, akarudi, akacheza Aves, akaishia Porto tena. Mwaka 2008 kipa Quim alipoumia, Nuno akaitwa haraka kwenye kikosi cha Ureno cha Euro. Akasafiri, akafanya mazoezi, akarudi. Hajawahi kucheza hata mechi moja ya timu ya taifa.

Mimi mwenyewe nilikuwa kipa wa akiba misimu miwili, kwenye timu nisiyoitaja. Kinachokuua pale si kukosa mechi. Ni kwamba unaona kosa dakika nzima kabla halijatokea, na huna ruhusa ya kupiga kelele. Beki wa kulia amepanda, kiungo hajaziba, winga wao ameshatazama ile nafasi. Unaona! Miaka kumi na kitu ya kuona namna ile, ama inakufanya mlevi, ama inakufanya mwalimu.

Yeye hakusubiri kustaafu. Angali mchezaji alikwenda Largs, mji mdogo wa pwani ya Scotland, kusomea leseni kwenye kozi za chama cha soka cha kule. Huko akakutana na kijana Mskoti aitwaye Ian Cathro, aliyekuwa akifundisha watoto Dundee na hakuwahi kucheza soka la kulipwa. Wengine wangempita kama mbeba koni. Nuno akamsikiliza, na mwaka 2012 alipopewa timu yake ya kwanza akambeba awe msaidizi wake. Wametembea pamoja Ureno, Hispania na Uingereza. Mnaolalamika kwamba hamkucheza ligi kuu kwa hiyo hakuna atakayewasikiliza, mtafakarini huyo Cathro mkilala.

Kati ya Largs na timu ya kwanza alikuwa mwalimu wa makipa chini ya Jesualdo Ferreira, Málaga na kisha Panathinaikos. Halafu Rio Ave.

Hapa ndipo ninapotaka makipa mvute viti mbele. Rio Ave ni timu ya Vila do Conde, mji wa wavuvi kaskazini mwa Porto. Haina fedha. Nuno alikaa pale misimu miwili, 2012 hadi 2014. Msimu wa kwanza alimpata kwa mkopo kutoka Benfica kijana wa Slovenia ambaye mikopo ilishamzungusha timu kadhaa, Jan Oblak. Oblak akarudi Benfica, na lango likashikwa na kijana wa Kibrazili aliyekuwa palepale, Ederson. Ndiyo, Oblak huyo wa Atlético Madrid, na Ederson huyo aliyechukua makombe na Manchester City. Wote wawili wamepita kwenye mikono ya mtu mmoja, kwenye mji wa wavuvi, ndani ya misimu miwili. Kusema yeye ndiye aliyewatengeneza ni kuwavunjia heshima walimu wao wengine. Lakini kipa kijana anahitaji kocha asiyemtoa baada ya kosa la kwanza, na nani ajuaye zaidi ladha ya kutolewa kuliko aliyeishi benchi?

Mwaka 2014 Rio Ave walifika fainali ya Kombe la Ureno na fainali ya Kombe la Ligi, wakafungwa zote na Benfica. Wakapata nafasi ya kucheza Ulaya kwa mara ya kwanza katika historia yao.

Valencia nitaipitia mbio: nafasi ya 4, pointi 77 msimu wa 2014/15, mashabiki wanamwimba, Novemba iliyofuata mashabiki haohao wanamzomea, akajiuzulu. Porto nayo: alirudi nyumbani 2016, kipa wake akiwa Iker Casillas. Ligi nzima alifungwa mechi 2 na kuruhusu mabao 19. Mabingwa Benfica nao walifungwa mechi 2. Tofauti ni sare: Porto walitoka sare mara 10. Akaondoka bila kombe. Mtu anafungwa mara mbili msimu mzima na bado hatakiwi! Lakini sikilizeni, sina huruma naye sana hapo. Ukiwa kocha wa Porto, sare na timu ya chini ni msiba, na Nuno alizichukua nyingi kwa sababu akiongoza 1-0 mawazo yake yanarudi langoni kwake. Huo ndio ukipa wake, na ndio ugonjwa wake.

Kisha Wolverhampton, yaani Wolves, 2017, daraja la pili Uingereza. Mendes yupo nyuma ya pazia akiwashauri wamiliki, na wachezaji wa Kireno wanamiminika: Rúben Neves, Diogo Jota, baadaye João Moutinho na Rui Patrício. Mmiliki wa Leeds alilalamika hadharani. Wenye ligi wakasema hakuna kanuni iliyovunjwa. Kwa hiyo wanaosema amebebwa na wakala wana pa kushikia. Ninachowajibu ni kwamba wakala anaweza kukuletea Neves, hawezi kukuletea pointi 99. Walipanda daraja kama mabingwa, na misimu miwili iliyofuata wakamaliza nafasi ya 7 Ligi Kuu.

Aprili 6, 2018, ugenini kwa Cardiff. Neves amefunga kwa mpira wa adhabu, Wolves wanaongoza 1-0. Dakika 90 zimekwisha, Cardiff wanapata penalti. Kipa wa Wolves, John Ruddy, anaicheza. Kabla watu hawajakaa, penalti nyingine! Hoilett wa Cardiff anapiga, mwamba. Filimbi ya mwisho. Nuno akaingia uwanjani akikimbia kama mtoto, akamsahau kocha wa Cardiff, Neil Warnock, aliyekuwa akisubiri kupewa mkono. Warnock akamtukana waziwazi, na Nuno baadaye akaomba radhi. Tazameni picha za siku ile. Yule si kocha anayeshangilia. Ni kipa ambaye kwa mara moja ameokolewa penalti mbili.

Jambo jingine la Wolves halizungumzwi sana. Kiangazi cha 2017, Nuno akiwa ndiyo kwanza amefika, kipa wao Carl Ikeme, Mnigeria, aligundulika ana saratani ya damu. Jezi namba 1 ikawekwa. Msimu mzima haikuvaliwa. Ruddy alivaa 21. Mwaka uliofuata akaja Rui Patrício, bingwa wa Ulaya akiwa na timu ya Ureno, mtu mwenye kila haki ya kuidai namba 1. Akachagua 11. Kipa mwenye namba ya winga, kwa heshima ya mwenzake mgonjwa. Ikeme akapona, ingawa soka aliliacha.

Tottenham nisiwachoshe. Agosti 2021 alishinda mechi tatu za mwanzo, zote 1-0, ya kwanza dhidi ya Manchester City, akaongoza ligi. Oktoba 30 akafungwa 3-0 nyumbani na Manchester United, timu yake haikupiga hata shuti moja lililolenga lango, na alipomtoa Lucas Moura uwanja mzima ukamwimbia kwamba hajui afanyalo. Siku mbili baadaye akatimuliwa. Wiki tisa kati ya kileleni na mlangoni.

Akaenda Jeddah, kwa Al-Ittihad. Msimu wa 2022/23 akawapa ubingwa wa Saudia walioukosa tangu 2009, mbele ya Al-Nassr ya Ronaldo. Waliruhusu mabao 13 katika mechi 30. Msimu uliofuata akaja Karim Benzema, na ilipofika Novemba kocha akaonyeshwa mlango.

Nottingham Forest walimchukua Desemba 2023 wakiwa wanachungulia shimo. Wakanyang'anywa pointi 4 kwa kuvunja kanuni za fedha, bado akawabakiza. Msimu wa 2024/25 ndio uliowafanya wengi wenu mlijue jina lake. Nyuma Murillo na Milenković, golini Matz Sels, mbele Chris Wood aliyefunga mabao 20 ya ligi. Forest walikuwa miongoni mwa timu zilizokaa na mpira muda mfupi kabisa, nao wakashinda Anfield, kwa Liverpool, 1-0, jambo ambalo hawakulifanya tangu 1969. Wakawafunga Brighton 7-0. Wakamaliza nafasi ya 7 na pointi 65 na kurudi Ulaya baada ya karibu miaka 30. Sels alimaliza mechi 13 bila kuruhusu bao, akagawana tuzo ya kipa bora na David Raya wa Arsenal.

Vijana wa siku hizi mnaambiwa soka ni kumiliki mpira. Sels hakuambiwa hivyo. Aliambiwa mabeki wasitoke, krosi zije, adake. Mnaona kwa nini anafaa pale ambapo mpinzani ndiye anayetakiwa kuja, na kwa nini Tottenham na Porto walimchoka?

Juni 2025 alisaini mkataba mpya wa miaka mitatu. Agosti akasema mbele ya waandishi kwamba uhusiano wake na mmiliki haupo kama zamani. Septemba 9, usiku, akatimuliwa, ligi ikiwa imechezwa mechi tatu. Septemba 27 West Ham wakamtangaza. Siku mbili baadaye alikuwa ugenini kwa Everton, kwenye benchi, na ikawa sare ya 1-1.

Nimemaliza saa yangu. Karibuni maswali, na nianze na huyo kipa pale nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipomtaja Oblak.