Mlaumuni kwa Mpira Wake

Mhadhara uliotolewa ndani ya Ngome ya Lamu, baada ya swala ya Alasiri

Assalaamu aleikum. Hamjambo mama zangu, wazee wangu, na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni. Ingieni jamani, nafasi ipo.

Nimeombwa nizungumzie wanawake wanaocheza kandanda, na nadhani walionialika walitarajia nije kuwaombea. Niseme wahurumieni, wapigieni makofi, nao ni wana wetu. Sikuja kwa hilo. Mimi ni kocha, na hakuna kinachoniudhi zaidi ya kumsikia mchezaji wangu akisifiwa kwa pasi mbovu. Nataka mumlaumu. Mlaumuni kwa kuchelewa kurudi kukaba, kwa krosi iliyokwenda baharini, kwa kuotea mara tatu katika kipindi kimoja. Mlaumuni kwa mpira wake, basi.

Hilo ndilo tusilolifanya. Kaa barazani Langoni usiku wa mechi kubwa ya wanaume uwasikilize watu wanavyochambua. Beki wa kushoto kapanda mno. Kiungo mkabaji kamwachia mtu mgongoni. Kocha kachelewa kubadilisha. Kuna mzee mmoja pale, fundi wa kushona kofia, haangalii hata televisheni. Anasikiliza tu mtangazaji huku sindano yake inakwenda, na bado atakwambia bao lilianzia wapi. Watu hao hao ikija mechi ya wanawake wanasema nini? “Huyu mbona ana mwili wa kiume?” “Yule mzuri, hajaolewa?” “Hawa wakicheza na vijana wa darasa la nane wanafungwa.” Dakika tisini zinakwisha, na mpira haujatajwa.

Natoa mfano mmoja, nao nitauchambua polepole, kwa sababu bao lenyewe ni tamu. Tarehe 23 Novemba 2024, mjini Kansas City, Marekani, fainali ya ligi ya wanawake: Orlando Pride na Washington Spirit. Dakika ya 37, Barbra Banda wa Zambia anapata mpira upande wa kulia, anamwendea beki mpaka karibu na kumi na nane, eneo la hatari mbele ya lango. Beki anafanya alivyofundishwa. Hajitupi, anarudi nyuma nyuma, anangoja msaada. Banda anakata kuingia ndani, mpira uko guu la kushoto, na kipa akiwa bado anauliza nafsi yake kama linakuja shuti au pasi, wavu umeshatikisika kwenye nguzo ya karibu. Moja bila, na mechi ikaisha hivyo hivyo. Ubingwa.

Hapo pana mazungumzo mpaka Ishaa. Kipa kufungwa nguzo ya karibu ni kosa, au shuti lilikuwa la mapema kuliko alivyolitazamia? Yule beki alikuwa peke yake kwa nini? Mimi namlaumu kiungo. Lakini siku chache baadaye BBC ilipomtangaza Banda mchezaji bora wa mwaka wa wanawake, nani alilizungumza bao lile? Mitandao ilijaa matusi kuhusu mwili wake, kama ni mwanamke au siye.

Na haya hayakuanza mitandaoni. Mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, Banda alifunga mabao matatu dhidi ya Uholanzi, kisha matatu mengine mechi iliyofuata dhidi ya China. Mwaka 2022 alikwenda Morocco kwenye Kombe la Afrika akaachwa nje, kwa masharti ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, ya kuthibitisha jinsia. Mwaka 2023 akacheza Kombe la Dunia la FIFA na kufunga bao la 1,000 katika historia ya mashindano hayo. Mtu ni yule yule, mwili ni ule ule. Kilichobadilika kila mara ni karatasi iliyo mezani kwa wakubwa. Shabiki naye akaokota karatasi moja katika hizo, ile iliyompendeza, akaifanya hukumu.

Tabitha Chawinga wa Malawi amesimulia mwenyewe kwamba alipokuwa msichana mdogo, wapinzani walimvua nguo uwanjani, na zaidi ya mara moja, wapate kuhakikisha kuwa ni msichana kweli. Kosa lake lilikuwa kufunga sana. Msichana huyo alikuja kuwa mfungaji bora wa ligi kuu ya Italia akiwa na Inter msimu wa 2022/23, na mdogo wake, Temwa, akafunga mabao 20 msimu mmoja kule Marekani, 2024, rekodi ya ligi ile. Nikilikumbuka hili la kuvuliwa nguo huwa napata tabu kuendelea na mazungumzo, kwa hiyo tuendelee.

Msidhani pia ni maneno ya vijana wasio na kazi. Agosti 2021 Rais wa Tanzania, naye ni mama, alisema hadharani kwamba baadhi ya wachezaji wanawake vifua vyao ni bapa, mtu akiwaona angewadhania wanaume, na kwamba kuolewa kwao ni ndoto. Miezi miwili haijatimia, Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, wakaifunga Malawi 1-0 katika fainali ya COSAFA, kombe la nchi za kusini mwa Afrika, kule Afrika Kusini na kurudi na kombe. Sikumsikia mtu akiuliza vifua vilihusika vipi.

Sasa tuje kwetu, maana najua kuna swali linalowawasha baadhi yenu hapa: mavazi. Mtoto wa Kiamu atavaaje kaptura mbele ya wanaume? Ni swali la haki na sitalikwepa. Wasichana wangu wanafika uwanjani na mabuibui. Wanayavua, wanayakunja vizuri, wanaweka jiwe juu kwa sababu ya upepo wa kusi, na ndani wameshavaa suruali ndefu, fulana ya mikono mirefu na hijabu ya kubana. Wanacheza hivyo. Lakini mnajua kwamba kwa miaka kadhaa vazi hilo hilo ndilo lililowafukuza wenzao uwanjani? Juni 2011, timu ya Iran ilikuwa Amman, Jordan, kwenye mechi ya kufuzu Olimpiki, ikazuiwa kucheza kwa sababu ya vitambaa vya kichwani. FIFA ilisema ni hatari kwa shingo. Mpaka 2014 ndipo hijabu iliporuhusiwa rasmi, na tarehe 30 Julai 2023 Nouhaila Benzina, beki wa Morocco, akawa wa kwanza kuivaa katika mechi ya Kombe la Dunia la wakubwa. Morocco walishinda 1-0 dhidi ya Korea Kusini.

Kwa hiyo huku msichana anaambiwa asicheze kwa kuwa mpira utamvua hijabu, kule anaambiwa asicheze kwa kuwa hakuivua. Wote wawili wameangalia kitambaa. Benzina siku ile alicheza vipi? Alikaba vipi mipira ya juu? Hilo ndilo ningependa kubishana nalo na mtu.

Kuna hukumu nyingine ambayo watu wema wanaipenda, nayo naichukia karibu kama matusi. Ni ile ya “wamejitahidi.” Oktoba 2024, wasichana wetu wa chini ya miaka 17 walikwenda Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya Kenya ya kandanda, ya kiume au ya kike, kucheza Kombe la Dunia la FIFA la daraja lolote. Walifungwa 2-0 na Uingereza, 3-0 na Korea Kaskazini waliokuja kuwa mabingwa, kisha wakawafunga Mexico 2-1. Nchi nzima ikasema wamejitahidi, Mungu awabariki, tukalala. Wangekuwa wavulana tungekesha tukiuliza mbona Korea walipita katikati yetu walivyotaka, na mpango wa mechi ulikuwa upi. Mchezaji hukua kwa maswali hayo. Mwaka 2016 Harambee Starlets, timu yetu ya taifa ya wanawake, walipokwenda Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, kule Cameroon, walipoteza mechi zote tatu. Bao letu la kwanza katika mashindano hayo alilifunga Esse Akida, dhidi ya Ghana. Tukashangilia bao, tukasahau kujadili mechi tatu. Miaka mitatu baadaye Ghana hao hao walitolewa na Kenya katika safari ya kufuzu Olimpiki, kwa bao la Mwanalima Adam, na hapo tena watu wakaita bahati! Ukifungwa umejitahidi, ukishinda umebahatika. Lini utakuwa umecheza vizuri? Oktoba 2025 Starlets waliitoa Gambia na kufuzu tena Kombe la Afrika. Nawaomba safari hii wasemwe kama wachezaji.

Mtaniuliza: na wanaume je, si kweli wana kasi zaidi? Ni kweli. Na boti ya injini ina kasi kuliko jahazi, lakini siku ya mashindano ya majahazi sijamwona mtu Shela akisimama ufukweni kulalamika kuhusu injini. Na anayesema hakuna watu wa kutazama wanawake, aambiwe kwamba Aprili 2022 mechi ya Barcelona na Wolfsburg ilitazamwa na watu 91,648 uwanjani Camp Nou. Zamani zaidi, Desemba 1920, watu 53,000 walijaa uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool kuwatazama wanawake. Mwaka mmoja baadaye chama cha soka cha Uingereza kikawapiga marufuku kwenye viwanja vyake, marufuku iliyodumu karibu miaka 50. Brazil nayo iliwazuia kwa sheria tangu 1941 hadi 1979. Watazamaji walikuwepo. Walifungiwa mlango.

Nisiwe na upendeleo lakini. Kuna lawama moja ya mpira mnayowapa wasichana wetu nayo ni ya kweli: mguso wa kwanza mbaya. Mpira unamfikia, unamtoka hatua mbili, beki kashauchukua. Naiona kila wiki na napiga kelele mpaka sauti inakauka. Lakini tujue inatoka wapi. Mvulana wa Mkomani ameanza kupiga mpira wa matambara vichochoroni tangu anajifunza kutembea. Dada yake alikuwa anabeba maji na kumlea mdogo wao. Ananijia ana miaka 13, miguu haijui kitu. Na uwanja tunapewa vijana wakishamaliza, jua likiwa limeinama, na kabla ya Magharibi kila mzazi anataka binti awe nyumbani. Naweza kumfundisha mguso huo kwa muda gani? Kule Kilifi, shirika la Moving the Goalposts wameanza kuwachezesha wasichana tangu 2001, na ukikutana na timu zao utaona tofauti. Walianza mapema, na wengi.

Akiwa hodari kweli, afanye nini? Ligi kuu imejaa timu za bara. Avuke kwa boti mpaka Mokowe, apande basi, Witu, Garsen, Malindi, Mombasa, kisha usiku kucha kwenda Nairobi, kwa majaribio ambayo huenda hayana nauli. Akichukuliwa, mshahara ni jambo la kuuliza kwa sauti ya chini. Ndiyo maana mnaona wachezaji wazuri wanakimbilia Kenya Police Bullets ya polisi au Ulinzi Starlets ya jeshi: hapo mtu ana ajira, na mpira ukiisha ana kazi. Kisha mashabiki wanasema hana mapenzi na klabu. Mapenzi hayalipi kodi ya nyumba.

Wengine wanatoka nje. Esse Akida amecheza Israel, Uturuki na Ugiriki. Jirani zetu Watanzania, Opah Clement amepita Uturuki, China na Mexico, na Clara Luvanga yuko Al Nassr, Saudia. Ukiona orodha hiyo unaweza kusema huyu hatulii. Mikataba ya wanawake wengi ni mifupi, msimu mmoja au miwili, na klabu hufunga timu ya wanawake siku fedha zikipungua. Mchezaji anahama kwa sababu ardhi inahama chini yake. Racheal Kundananji wa Zambia alinunuliwa na Bay FC ya Marekani Februari 2024 kwa zaidi ya dola laki saba, rekodi ya dunia ya soka ya wanawake wakati ule, na hakuna Mwafrika aliyewahi kuivunja rekodi ya namna hiyo kabla yake. Lakini huyo ni mmoja.

Na uzazi. Huyu kaolewa, kazaa, kwisha habari yake: mara ngapi tumeyasikia? Tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, kwa theluthi mbili za mshahara, na klabu haiwezi kuvunja mkataba kwa sababu ya mimba. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland, klabu yake ya Lyon, Ufaransa, ilipomlipa pungufu wakati wa ujauzito, aliishtaki na kushinda zaidi ya euro 82,000. Akarudi uwanjani, akacheza Juventus. Hapa kwetu wangapi wanaijua kanuni hiyo, tukianza na viongozi wa klabu?

Basi ombi langu ni dogo na linafanyika wiki hii. Ijumaa timu yangu inacheza. Njooni. Beki wangu wa kulia anapanda ovyo, nimemwambia mpaka nimechoka; mwambieni na nyinyi, kwa sauti, kutoka nje ya mstari, maana akisikia kwa mashabiki huenda akashika. Atakayetaja sura yake nitamwomba aondoke.

Nimemaliza. Maalim pale nyuma mkono wake uko juu tangu nilipotaja suruali. Karibu, Maalim, uliza.