Risasi za Desemba 1941: mhadhara wa mkesha wa 30 Juni, Lubumbashi

Wazee wetu, wamama, wababa, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma, jambo kwenu wote.

Kesho ni tarehe 30 Juni, siku nchi yetu ya Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960. Sitawasimulia tena habari za sherehe ya Palais de la Nation, mfalme Baudouin wa Ubelgiji na rais wetu wa kwanza Kasa-Vubu. Mmezisikia tangu shule ya msingi, na redio itazirudia kuanzia alfajiri. Nimekuja na neno langu lile lile la kila mwaka, na wenye kulichoka wanivumilie: sehemu ya uhuru wa nchi hii ililipiwa hapa Katanga, kwa damu ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi ya shaba, miaka 18 na nusu kabla bendera ya Ubelgiji haijashushwa. Watoto wetu hawafundishwi hivyo. Wanafundishwa kwamba uhuru ulianzia Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, ukatufikia sisi ukiwa tayari.

Desemba 1941. Ubelgiji yenyewe iko mikononi mwa Wajerumani tangu mwaka uliotangulia, na serikali yake imekimbilia London. Imebaki na nini cha kuchangia katika vita? Kongo. Na ndani ya Kongo, shaba ya Katanga. Kwa hiyo kazi inaongezwa, kila siku tani zaidi. Bei za vitu madukani zinapanda kwa sababu ya vita, lakini mshahara wa mtu Mweusi umekaa pale pale. Wazungu wa kampuni nao wanalalamika, lakini wao wanajipanga na wanasikilizwa. Mweusi hana ruhusa ya sendika, chama cha wafanyakazi. Ruhusa hiyo ilikuja 1946.

Na huyu mfanyakazi ni nani? Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilikuwa imechoka na vibarua wa miezi michache wanaokimbia au kufa. Ikawaambia watu: wekeni saini mkataba wa miaka 3, leteni wake zenu, zaeni hapa, watoto watasoma kwa mapadri. Ikawapa nyumba kambini na posho ya unga. Ilifikiri inajitengenezea watu watulivu. Lakini iliweka kwenye safu moja ya nyumba mtu wa Kasai, mtu wa Lomami, mtu wa Luapula na mtu aliyevuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, wote wanalipwa na karani mmoja, wote wananunua duka moja. Waliingia kambini kila mmoja na kijiji chake. Walitoka kwenye mgomo wakiwa kitu kimoja. Ninalisema hili polepole mbele ya watu wa mji huu, kwa sababu tunajua tuliyofanyiana hapa 1992 na 1993, wakati watu wa Kasai walipofukuzwa katika nyumba zao na kurundikwa kwenye stesheni za treni. Wale wa 1941 walipigwa risasi bega kwa bega, na askari hakuuliza kabila la mtu.

Mgomo ulishika Likasi, ukashika Kipushi, ukashika Lubumbashi. Tarehe 9 Desemba wagomaji walijaa uwanja wa mpira hapa mjini. Mkuu wa jimbo, Amour Maron, akaja na askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni. Aliyesimama mbele kwa niaba ya wenzake ni Léonard Mpoyi. Mapokeo ya wazee yanasema hivi: Maron aliwaambia warudi kazini, mshahara umeshaongezwa. Mpoyi akajibu kwamba wanataka uthibitisho wa hiyo nyongeza. Hakupiga mtu, hakurusha jiwe. Aliomba uthibitisho tu. Akauawa, kisha askari wakafyatulia umati. Hesabu ya maiti ya serikali na hesabu ya wazee wetu hazikupatana hata siku moja, lakini zote mbili ni makumi ya watu.

Najua kuna mwalimu atakayeniambia: wale waligoma kwa ajili ya mshahara, si kwa ajili ya uhuru. Nimelisikia hilo mara nyingi na linanikasirisha kila mara. Basi chukueni hotuba ya Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, ya 30 Juni 1960, ile ile mnayodai mnaijua kwa moyo. Alipoanza kuhesabu machungu ya ukoloni alianza na nini? Kazi ya kuchosha kwa mshahara usiomtosha mtu kula akashiba, kuvaa, kulala pahali pa heshima, wala kulea watoto wake. Hayo ni madai ya uwanjani, neno kwa neno karibu. Na mbele kidogo akataja risasi zilizoua ndugu zetu wengi. Mnafikiri alikuwa anazungumzia risasi za wapi? Mtu ambaye fimbo juu ya mgongo wake ilikuwa halali anasimama mbele ya mkuu wa jimbo na kumwambia, neno lako peke yake halinitoshi. Kama huo si mwanzo wa uhuru, nionyesheni mwanzo mwingine.

Wengine husema ilikuwa wakati wa vita, serikali ingefanya nini. Februari 1944 askari wa Force Publique wenyewe waliasi huko Luluabourg, Kananga ya leo, hao hao waliokuwa wanatumwa kuwapiga ndugu zao. Hilo linanitosha kama jibu: hata waliobeba bunduki walichoka.

Muda unanikimbia. Tarehe 4 Januari tunapumzika kwa heshima ya waliouawa Léopoldville mwaka 1959, na ni haki yao. Tarehe 9 Desemba tunakwenda kazini kama siku nyingine. Nilitaka kueleza pia kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya sherehe, na jinsi Union Minière ilivyomlipa kodi Tshombe, kiongozi wa kujitenga huko, badala ya serikali kuu. Na tarehe 17 Januari 1961, Lumumba na wenzake Mpolo na Okito walipouawa karibu na mji wetu huu. Juni 2022 tuliona jino la Lumumba, lililobaki la mwili wake, likipitishwa Shilatembo, mahali alipouawa, kabla ya kuzikwa Kinshasa. Hayo yatahitaji siku nyingine.

Kwa leo ninaomba haya. Walimu mlio hapa, mwaka wa shule ujao jina la Léonard Mpoyi liandikwe ubaoni. Viongozi wa mji, kesho kabla ya defile, yaani gwaride, kuanza, lisomwe kwa sauti mbele ya umati pamoja na tarehe yake. Na ninyi vijana, wajukuu wa Union Minière na wa Gécamines iliyoirithi, yako bado majumbani mwenu majina ambayo hayajaandikwa popote. Nendeni mkaulize usiku huu.

Sasa maswali. Wazee waliofanya kazi kiwandani waanze.