Bahasha na Barua Pepe
Mhadhara kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, Kisumu

Hamjambo nyote. Mlioko nyuma, sogeeni mbele, leo hakuna mtihani.

Nianze na bahasha. Nilipomaliza uzamivu niliomba kazi ya uhadhiri katika chuo kimoja. Tangazo lilitaka nakala kumi: barua, wasifu, vyeti vyote, makala zilizochapishwa. Wasifu peke yake ulikuwa kurasa tisa. Kijana wa saiba pale Oginga Odinga Street alipomaliza kutoa fotokopi aliuliza, "Daktari, hii ni kesi ya shamba?" Nikaipeleka bahasha mwenyewe, nikagongewa muhuri, nikarudi nyumbani kungoja. Nilingoja miezi kumi na minne.

Nikiwa bado nangoja, shirika moja la afya hapa mjini lilitangaza nafasi ya afisa wa utafiti. Barua pepe moja, wasifu usiozidi kurasa mbili, siku kumi tu za kuomba. Kabla mwezi haujaisha nikaitwa. Nikashindwa, na makosa yalikuwa yangu.

Walinipa kompyuta, faili ya Excel iliyovurugika, na dakika arobaini na tano. Tarehe zimeandikwa kwa mitindo mitatu, majina ya vituo vya afya yamerudiwa kwa tahajia tofauti. Walitaka jedwali moja na aya moja ya kumshauri meneja. Mimi nikaanza na usuli wa tatizo! Muda ulipoisha nilikuwa na utangulizi mzuri wa kuchapishwa, jedwali hakuna.

Hapo ndipo nilipoelewa. Chuo kinakuuliza wewe ni nani: umesoma wapi, umechapisha nini, wadhamini wako ni kina nani. Tangu miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014, anayetaka kuwa mhadhiri kimsingi anatakiwa awe na uzamivu. Mwenye uzamili huanzia ngazi ya chini yake. Kwa hiyo kule kurasa tisa si majivuno, kila makala inahesabiwa. Shirika, kaunti au kampuni inauliza swali jingine: Jumatatu asubuhi utatufanyia nini?

Tuangalie mfano. Utafiti wangu ulihusu konokono wanaoeneza kichocho kwenye fuo za Ghuba ya Winam. Katika wasifu wa chuo niliandika: "Mtawanyiko wa konokono wa jenasi Biomphalaria na viashiria vya kimazingira." Sawa kabisa. Lakini meneja wa mradi akisoma hivyo anapita tu. Kazi ileile nikaiandika upya: "Niliongoza wasaidizi sita kukusanya data kwa simu kwenye fuo kumi na mbili, nikaelewana na kamati za wavuvi, nikamaliza ndani ya bajeti." Sikuongeza uongo hata kidogo. Zile asubuhi za kubembeleza wenyekiti wa fuo pale Dunga, ambazo tasnifu haikuzitaja popote, ndizo zilizonipatia kazi ya kwanza.

Kuhusu vyeti vya KRA (kodi), HELB (mkopo wa masomo), DCI (rekodi ya uhalifu) na vinginevyo, sitakaa sana. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ili mwajiri asividai kabla hajakusudia kukuajiri. Matangazo mengine bado huvidai. Weka akiba ya nauli na ada.

Msidhani nawauzia mashirika. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu wengi waliokuwa na mikataba huku Nyanza na Magharibi waliamka hawana kazi. Mkataba wa mradi una mwisho, hata ukiwa na gari jeupe mlangoni. Vyuoni nako tumeona migomo, na waliofundisha kwa muda wanajua maana ya kudai malipo ya muhula uliokwisha zamani. Hakuna upande wenye mwavuli.

Ninachokataa ni ile tabia ya kusema, "Nitatafuta kazi nje ya chuo, chuo kikinikataa." Miezi yangu kumi na minne ilipita hivyo. Nje kuna KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, pale Kisian, kuna icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, kuna kaunti zinazohitaji wachumi na wataalamu wa maji, na wote hao hawajui kama upo. Na profesa wako, samahani kwa walioko hapa, mara nyingi hajaomba kazi ya namna hiyo maishani mwake. Mtafute aliyehitimu miaka mitatu kabla yako, umnunulie chai, umwombe akuonyeshe wasifu aliouombea kazi. Usimwombe kazi. Omba kuuona wasifu.

Sasa toeni karatasi. Andikeni mada ya tasnifu yenu juu kabisa. Chini yake andikeni mambo matano mliyofanya kwa mikono na miguu ili ikamilike: nani mlimshawishi, pesa ngapi zilipita mikononi mwenu, kitu gani kiliharibika mkakitengeneza. Mna dakika kumi. Mimi napita katikati ya viti kusoma.