Kagua umeme wa fleti uliyopanga Uingereza bila kufungua hata skrubu moja

Mambo vipi jamani, karibuni tena, leo tupo hapa hapa kwangu Coventry, fleti ya kupanga juu ya duka la chipsi na samaki, na nataka tukague umeme pamoja. Mimi umeme nimesoma VETA, naupenda sana, ila kwenye nyumba ya mtu sifungui hata skrubu moja na wewe usifungue. Tunaangalia, tunanusa, tunagusa, basi.

Twende kwenye soketi. Ona hii ya jikoni, ngoja nisogeze kamera... hiyo hapo, unaona huo ukahawia pembeni ya tundu, kama chai iliyomwagikia karatasi? Hilo ni joto. Na kulikuwa na harufu ya samaki, wiki tatu nzima nalaumu duka la chini, mpaka Jumapili wamefunga na harufu bado ipo. Plastiki ya soketi ikiungua inaweza kunuka hivyo hivyo, kama samaki aliyelala, kwa hiyo ukisikia harufu ya samaki na hujapika samaki, zima swichi, chomoa, usiitumie tena.

Plagi iliyotumika nusu saa, zima swichi yake, halafu gusa kwa mgongo wa mkono, mkono mkavu. Vuguvugu kidogo sawa, ila ikikufanya uondoe mkono hapo kuna tatizo.

Ekstensheni fasta fasta: nyingi mwisho ampia 13, yaani kama wati 3000. Hita 2000, birika la umeme 3000, jumlisha mwenyewe. Hita ichomeke ukutani moja kwa moja, najua baridi ya Januari, mimi mtu wa Tanga naijua, lakini ukutani.

Haya, boksi la swichi, na hapa naomba mnisikilize. Kuna swichi moja pana ina kitufe kidogo kimeandikwa T au TEST. Hiyo ndiyo inakata umeme ukianza kuvuja, kwa kawaida hata miliampia 30 tu, kabla haujakumaliza. Tunabonyeza tuone kama inakata. Kabla ya hapo zima kompyuta, waambie mnaokaa nao, na kama kuna mtu anatumia mashine ya kupumulia usibonyeze kabisa.

Nabonyeza... tak! Mnaniona? Hamnioni, ngoja tochi... haya. Imekata, safi. Sasa angalia mkono wa swichi umesimama wapi, katikati. Usiusukume juu! Sukuma chini kwanza mpaka mwisho, usikie tak, halafu ndiyo juu. Mwaka jana mimi nilikuwa nasukuma juu tu, inarudi, nasukuma, inarudi, tukakaa gizani saa mbili na mtoto ana homa. Chini kwanza, halafu juu. Narudia tena, chini kwanza. Ikikataa, chomoa vitu vyote ujaribu mara moja, ikikataa tena iache na umpigie mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Na ukibonyeza isikate kabisa, au boksi halina hicho kitufe, mwambie pia, maana hapo unaweza kuwa huna kinga.

Sasa haki yako. Huku England, kwa kanuni za 2020, mwenye nyumba anatakiwa alete fundi mwenye sifa akague umeme angalau kila miaka 5, ripoti inaitwa EICR, na nakala unapewa kabla hujahamia. Ukiona C1 humo ndani ujue hatari ipo tayari, C2 inaweza kutokea, na matengenezo yafanyike ndani ya siku 28, au mapema zaidi ripoti ikisema hivyo. Mimi sikupewa nakala na nikaogopa kuuliza, nikijua nitafukuzwa. Uliza jamani, kwa maandishi, siyo kwa simu, weka picha ya soketi na tarehe. Mwenye nyumba akinyamaza peleka ujumbe ule ule kaunsili, yaani halmashauri ya mji, kitengo cha nyumba za kupanga. Mwenye nyumba wangu alinijibu eti ni uzee tu wa soketi, nikamwandikia tena naomba ripoti, sasa fundi anakuja Alhamisi.

Umeme umerudi, ona oveni inawaka-waka 00:00. Oveni nyingi haziwaki mpaka uweke saa, kwa hiyo usidhani umeiharibu, hii yangu unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, weka saa, endelea kupika.